Shangazi na Mkia wa Holda

"Nati niliyoikaza mimi haijawahi kulegea, na haitalegea mpaka mnizike!"

Maneno hayo Shangazi aliyamwaga kwenye maikrofoni, katikati ya ukumbi, siku ya harusi ya mpwa wake. Mshereheshaji alikuwa amemwita atoe nasaha kwa maharusi. Waliomtangulia walizungumzia uvumilivu, wakazungumzia kusameheana, na mmoja akatoa machozi kidogo ili aonekane. Shangazi yeye alipofika mbele alivua koti, akakunja mkono wa gauni hadi begani na kuonyesha msuli. "Mimi sina nasaha," akasema. "Nina mkono. Mwanangu, ndoa ikianza kutikisika niletee niikaze." Kisha ndipo alipoongeza hayo ya nati. Ukumbi uliangua kicheko. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Mume wa Shangazi, fundi cherehani ambaye maneno yake ni machache kuliko vifungo vyake, aliinama akaitazama sahani kana kwamba imeandikwa kitu.

Waliocheka walidhani ni mzaha. Watu wa karakana walijua kuwa yule mama alikuwa anatoa taarifa tu.

Karakana ni ya huyo huyo mpwa, mtoto wa kaka yake. Kwa kuwa mwenye mali anamwita Shangazi, basi kila mtu humwita Shangazi: mchomeleaji, mlinzi, mke wa mpwa anayekaa ofisini, hata wateja wenye mvi kumzidi. Yeye ndiye mwendesha mashine ya kuchonga chuma kwa kompyuta. Ni kabati jeupe kubwa lenye mlango wa kioo, na karakana nzima haina ya pili. Wageni wakija husimama mbele ya kioo midomo wazi, wakatazama maji meupe yakirushwa na kisu kikizama kwenye chuma kama kijiko kwenye uji, halafu wakaisifia kompyuta.

Shangazi huwaacha wamalize. Kisha huwashika mkono, awe meneja au mwanafunzi, na kuwaburuta hadi kwenye rafu ya mbao iliyo ukutani. Humo holda zimepangwa kichwa juu, kila moja kwenye tundu lake, zimepakwa mafuta mepesi zinang'aa kama watoto waliotoka kuogeshwa.

"Kompyuta ni mdomo," huwaambia. "Mkono ndio huu. Spindo ile inayozunguka haishiki kisu. Inashika holda, na holda ndiyo inashika kisu. Holda ikiwa ovyo, hata ukiweka kompyuta ya kupeleka watu mwezini utatoboa mashimo ya panya."

Hapo huichukua moja na kuigeuza kiganjani kwa madaha, kama muuza viatu anayejua umekuja na pesa.

"Tazama hii koni. Haikuchongwa hivi ili ipendeze. Ikivutwa ndani ya spindo inakaa pande zote kwa mpigo mmoja, kama kisigino kwenye kiatu cha saizi yake. Ikiachiwa inatoka bila ugomvi. Ingenyooka kama bomba ungeitoa kwa nyundo na matusi. Huu mfereji unaozunguka ukingo ndipo mkono wa mashine unapoikamata ikibadilisha visu. Haya mapengo mawili ubavuni yanaingia kwenye meno mawili ya spindo, ili kisu kikigoma ndani ya chuma, holda isibaki inazunguka peke yake kama mlevi. Na umeona ilivyo fupi? Kadiri kisu kinavyoning'inia mbali ndivyo kinavyotetemeka. Mimi sitaki kisu chenye shingo ya twiga."

"Na hiki kidude cha nyuma?" mgeni huuliza.

"Huo mkia. Usiuguse."

Mkia ni boliti fupi yenye kichwa cha uyoga, inayofungwa kwa hesi, yaani mikato yake ya kuzunguka, ndani ya koni, upande mwembamba. Ndani ya spindo kuna kucha za chuma zinazoukamata mkia huo, na springi nene zinazouvuta juu kwa nguvu za ng'ombe. Holda nzima imening'inia hapo. Mkia ukilegea, holda inashuka na kisu chake kikiwa bado kinazunguka.

Shangazi aliwahi kukiona kitu hicho kikitokea. Alikuwa msichana, kwenye karakana nyingine, akifagia vyuma. Mkia ulikuwa umefungwa na mtu mwenye haraka zake. Holda ilichomoka, ikapiga meza, ikaruka, ikavunja kioo na kumpita fundi mkuu karibu na sikio. Hakuumia. Lakini tangu siku ile fundi mkuu alikuwa akisikia kikombe kikianguka anainama, na Shangazi tangu siku ile aliukaza mkia wa holda kama mtu anayelipiza kisasi. Huibana holda kwenye jiliwa, huvalisha spana, huongeza bomba refu kwenye mpini wa spana, kisha huegemea kwa uzito wake wote, na uzito wake si haba, mpaka chuma kitoe sauti nyembamba: nyiii.

"Ukilia ndiyo umekubali," husema.

Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia kazi hiyo. Kila mkia pale rafuni aliukaza yeye, isipokuwa mmoja. Wakati fulani homa ilimlaza, mteja mmoja akawa anasubiri mlangoni, na mpwa akalazimika kufunga mkia wa holda mpya mwenyewe, kwa spana fupi, akiwa amevaa shati la kwenda benki. Shangazi aliporudi aliicheka holda ile kwa wiki nzima. Akaifunga utepe mwekundu ukingoni ili asiichanganye na zake. "Hii imekazwa kwa mkono wa karani," akatangaza. Aliiweka mwisho kabisa wa rafu, akawa anaitumia kwa kazi ndogondogo ambazo hata zikiharibika hakuna atakayelia.

Matatizo yalianza na miili ya pampu, kazi ya kwanza pale kudai mashimo ya kubana beringi.

Mteja wa pampu alikuwa ndiye mteja mkubwa, yule ambaye akipiga simu mpwa husimama kuipokea. Alirudisha mzigo. Akaweka mwili mmoja wa pampu juu ya meza ya ofisi, akatumbukiza beringi kwenye shimo lake, akatikisa. Beringi ikacheza ndani kama njugu kwenye kopo.

"Hii ni pampu au ni kayamba?" akauliza.

Shangazi alipima mashimo yale mwenyewe, akapima tena. Yalikuwa makubwa kidogo, na hayakuwa duara kamili. Alibadilisha visu. Alibadilisha koleti, yaani ile pete ya chuma yenye mipasuko inayokibana kisu ndani ya holda. Alifuta kila koni kwa kiganja, maana kitambaa huacha uzi na uzi mmoja unatosha kupindisha kazi. Mashimo yakazidi kumkodolea macho.

Mpwa akamwita Daktari. Daktari si daktari. Ni fundi wa mashine kutoka kwa wakala, ambaye hutembea na sanduku jeusi na huisikiliza mashine huku amefumba macho kama anayempima mtu mapafu. Sanduku lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa ule mhimili maalumu wa kupimia spindo, ambao mwenzake alikuwa ameondoka nao kwenda kwa mteja mwingine. Basi akasema isiwe tabu, akachukua holda moja ya Shangazi, iliyo safi kuliko zote, akaipandisha kwenye spindo. Akaweka geji ya saa ubavuni, akaizungusha spindo kwa mkono polepole. Mshale wa geji ukaenda huku, ukarudi huku.

Daktari akavua miwani. "Spindo imekwisha."

"Imekwisha vipi?" Shangazi akaruka. "Naisikia kila siku. Haina hata kikohozi!"

"Mama, mshale hauna ubishi."

"Basi mshale wako nao ukapimwe!"

Lakini holda ilikuwa yake, safi, na mkia ameukaza kwa mkono wake mwenyewe. Kama holda ilikuwa sawa, basi kilichobaki ni spindo. Bei ya spindo mpya iliandikwa kwenye karatasi. Mpwa aliisoma, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kifungo, akaitia mfukoni taratibu kana kwamba ingemuuma. Baada ya siku chache akatoa uamuzi. Mashine ingeuzwa kama ilivyo. Mnunuzi angekuja Jumamosi na lori.

"Na mimi?" Shangazi akauliza.

"Shangazi, wewe huwezi kukosa nafasi hapa. Utasimamia dirili."

"Dirili."

"Ni kwa muda tu."

"Mwanangu," Shangazi akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha mpwa kuliko kelele, "unanitoa kwenye kuendesha gari unaniambia nikashike kengele ya baiskeli."

Zilibaki pampu chache za kumalizia, na Shangazi akaamua kuzimaliza hata kama zitakataliwa. Kwa kuwa hakutaka holda zake nzuri ziaibike zaidi, akatumia ile yenye utepe mwekundu. Iharibu tu, ni mkono wa karani. Akatoboa, akasafisha, akatumbukiza beringi.

Beringi ikaingia nusu, ikagoma. Akaisukuma kwa kidole gumba. Ikateleza ikakaa, kimya, kama paka kwenye kiti chake. Akaitikisa. Haikucheza.

Akatoboa nyingine. Vilevile. Akarudisha holda yake mwenyewe, kisu kilekile, mashine ileile. Njugu kwenye kopo.

Jioni alifika nyumbani akiwa amefura. Mumewe alikuwa sebuleni akipunguza suruali ya jirani, pini zimejipanga midomoni.

"Unajua kitu gani kimenitukana leo?" Shangazi akasema kabla hajavua viatu. "Holda ya mkono wa karani! Ile takataka! Inatoboa shimo zuri utadhani imesomea."

Mumewe akatoa pini mdomoni, moja moja. "Na zako?"

"Zangu mbovu. Yaani, si zangu. Spindo ndiyo mbovu."

"Spindo si ni hiyo hiyo?"

"Ni hiyo hiyo."

"Basi zako ndizo mbovu."

"Zangu haziwezi kuwa mbovu! Nimezikaza mwenyewe!"

"Sawa," akasema mumewe, akarudisha pini mdomoni.

Hakuna neno linalomkera Shangazi kama hiyo "sawa". Wameoana miaka mingi na ameshindwa kuikaza wala kuilegeza. Alikula nayo, akaoga nayo, na Ijumaa asubuhi aliingia nayo karakana kabla mlinzi hajamaliza kufungua geti.

Akachukua kichupa cha wino wa buluu, ule mzito ambao mafundi hupaka kujua chuma kipi kinagusa wapi. Akaipaka koni ya holda yenye utepe mwekundu utando mwembamba, akaipandisha, akaiacha ivutwe, akaitoa. Wino ulikuwa umefutika kuanzia upande mnene hadi mwembamba. Koni ilikuwa imegusa kote.

Akafanya hivyo kwa holda yake. Wino ulikuwa umefutika kwenye pete moja tu, kule nyuma, upande mwembamba, pale mkia unapoingilia. Sehemu nyingine zote zilibaki buluu tupu. Koni haikuwa imekaa kwenye spindo. Ilikuwa imeshikiwa shingoni, na mbele, kule kwenye kisu, inayumba.

Akaitazama ile pete. Akaipitishia kiganja. Kiganja kikamwambia hakuna kitu. Akachukua kipimo cha maikrometa, na hicho kikamwambia kipo. Koni ilikuwa imevimba, uvimbe mdogo kuliko unene wa unywele, palepale ambapo ukuta wa chuma ni mwembamba na hesi za mkia zinasukuma kutoka ndani. Akaibana kwenye jiliwa ili alegeze mkia. Ukagoma. Akaongeza bomba. Ukagoma. Ilibidi apande kigoda, aegemee, atukane, ndipo ukatoa sauti. Nyiii.

Kumbe miaka yote ile haukuwa unakubali. Ulikuwa unalia kweli.

Akaurudisha mkia kwa spana fupi, bila bomba, akakaza kama anayefunga mtungi wa maji. Wino. Spindo. Uvimbe ulikuwa umenywea, na wino ukafutika kote.

Shangazi akageuza ndoo, akaikalia. Karakana ilikuwa bado tupu, maji yakidondoka ndani ya mashine. Na pale ndipo shetani alipomjia na pendekezo zuri sana. Angeweza kuilegeza mikia yote kabla watu hawajafika. Angekaza upya polepole, afute wino, atie kichupa mfukoni, kisha aseme mashine imepona. Angesema amezungumza nayo. Wangeamini, kwa Shangazi watu wangeamini hata kuwa ameiombea. Jina lingebaki, na mashine ingebaki.

Alikuwa ameshashika spana mpwa alipoingia. Macho ya kijana yalikuwa mekundu, na alijitia kushughulika na funguo ili yasionekane.

"Afadhali nimekukuta, Shangazi. Nilitaka kukuomba. Kesho wakija, naomba mikia yote uwe umeikaza upya. Vizuri, kwa mkono wako, na bomba. Sitaki mtu aseme nimemuuzia kitu legelege."

Shangazi akaiweka spana chini. Huyo ndiye aliyempigia makofi ukumbini kuliko wote.

"Kesho," akasema, "wakusanye watu wote. Na Daktari aje. Na uniletee maikrofoni."

"Maikrofoni ya nini?"

"Wewe lete."

Jumamosi mnunuzi alifika na lori lake, bwana mwenye tumbo la mbele na funguo nyingi kiunoni, akawa anaizunguka mashine na kuipigapiga mbavu kama ng'ombe wa mnadani. Daktari alikuwepo na sanduku. Mchomeleaji alizima moto. Mke wa mpwa alitoka ofisini. Maikrofoni haikupatikana, basi mpwa, kwa aibu, akamkabidhi holda yenye utepe mwekundu. Shangazi akapanda juu ya paleti, akaishika karibu na mdomo.

"Mnanisikia huko nyuma?"

"Tunakusikia!" mchomeleaji akajibu, akiwa hatua mbili mbele yake.

"Nilisema ukumbini kwamba nati niliyoikaza mimi haijawahi kulegea. Nani alisikia?"

Mikono ikainuka.

"Ni kweli mpaka leo. Na ndiyo iliyotuharibia pampu."

Kisha akaeleza yote, bila kupaka mafuta: mkia, bomba, uvimbe, pete ya buluu. Akasema spindo ni nzima, na mgonjwa ni mkono wake. Akanyoosha holda ya utepe mwekundu juu. "Na mkono wa karani niliokuwa naucheka ndio pekee humu ndani uliokaza sawa. Mwanangu, nakuomba radhi. Lakini usizoee."

Daktari hakuwa mtu wa kununa. Alitoka mbele, safari hii sanduku likiwa na ule mhimili wa kupimia, akaupandisha kwenye spindo, akazungusha. Mshale wa geji ukasimama kama askari. Akapandisha holda iliyokazwa upya na Shangazi. Mshale ukatikisika kidogo mno, ukatulia.

"Nilipima spindo kwa holda iliyovimba," akasema, akijikuna kisogo. "Ni kama kumpima mtu urefu akiwa amepanda kigoda. Mama, pale mwanzoni mwa tundu ukuta ni mwembamba. Ipo mikia yenye shingo ndefu, hesi zake zinaanzia ndani zaidi, kwenye nyama. Hiyo ndiyo ya kuweka. Na ipo spana ya kupima nguvu, ukifika kiwango inakwambia basi."

"Ananiambia nani?"

"Spana."

"Spana iniambie mimi basi?"

"Ndiyo, mama."

Watu wakacheka mpaka mnunuzi naye akacheka, ingawa lori lake liliondoka tupu.

Kuilegeza mikia ile kulichukua siku nzima na watu watatu, na hapo ndipo wote walipoheshimu upya mkono ule: mchomeleaji, mwenye kifua kama kabati, alining'inia kwenye bomba miguu ikielea na mkia haukumjali. Holda tatu zilikuwa zimevimba moja kwa moja, hazikurudi. Shangazi alizitupa mbili, na moja akaipeleka nyumbani. Mumewe anaitumia kukandamizia kitambaa mezani. Alipoambiwa kisa chote alisema, "Sawa," na kwa mara ya kwanza neno hilo halikumkera Shangazi.

Mteja wa pampu alirudi na mzigo mwingine. Beringi zake zinaingia kwa kidole gumba.

Wageni bado huburutwa hadi rafuni. Somo la koni lipo, la mfereji lipo, la mapengo na shingo ya twiga pia. Lakini sasa anapofika kwenye mkia hasemi usiuguse. Huwafungulia mmoja, waione shingo yake ndefu, kisha hueleza jinsi alivyoiumiza mashine nusura iuzwe, kwa sauti ileile ya ukumbini, akijitaja yeye kwa kidole kifuani. Mafundi wa karakana nyingine wamekuja kumsikiliza na kurudi kupaka wino holda zao kimyakimya. Halafu hukaza mbele yao kwa ile spana ya kupima. Huegemea, spana hulia tak, naye huacha papo hapo, uso umekunjana kama mtu mzima aliyenyamazishwa na mtoto, lakini huacha. Siku hizi hujigamba kuwa hakuna binadamu anayejua kuacha kama yeye.

Spana hutundikwa msumarini juu ya rafu, ndani ya mfuko alioushona mumewe kwa bitana ya suruali. Dukani spana kama hiyo inauzwa shilingi laki moja na elfu themanini, bei ambayo mpwa hakuhitaji kuikunja.